Zebaki, samaki wa ziwa na jiko la nyuma ya nyumba

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina ujauzito wa miezi mitano, naishi Katoro, mkoa wa Geita. Mume wangu ana mwalo wa kuchenjua dhahabu, mimi nauza samaki sokoni: sato, sangara, dagaa, na kambare ambao kijana mmoja huniletea kutoka mabwawani. Kliniki wananihimiza nile samaki. Jirani yangu anasema samaki wa Ziwa Victoria wameingiwa na zebaki ya wachimbaji na mtoto atazaliwa na akili nzito, ila nikiwachemsha na ndimu na kumwaga maji ya kwanza, sumu inatoka. Ni kweli? Niache samaki? Na maji ya kisima chetu je?

Jibu: Marahaba mama, na hongera. Nianze kwa kusema kwamba mimi si daktari wa hospitali. Ni mkemia wa mazingira, kazi yangu ni kupima tope, maji na samaki. Mambo ya mimba yenyewe yabaki kwa mkunga wako, lakini hili la zebaki nitakujibu kwa urefu.

Majibu yenyewe kwanza, maelezo baadaye. Endelea kula samaki. Sato, furu na dagaa wa ziwani usiwaogope. Sangara mdogo kula. Yule mkubwa anayebebwa na watu wawili mwachie mwingine mpaka umalize kunyonyesha. Kambare wa mabwawani, kama mabwawa hayo yako kwenye bonde la chini ya mialo, usile na usiuze. Ndimu haitoi zebaki, wala maji ya kwanza. Halafu kuna jambo hukuuliza, nalo ndilo lililonishtua kuliko yote uliyoandika: "mume wangu ana mwalo". Donge la dhahabu na zebaki anachomea wapi?

Nitalirudia hilo. Ila huwezi kuona kwa nini naliogopa kuliko sangara mpaka ujue zebaki inavyosafiri.

Mumeo anaijua kazi hii kuliko mimi. Mawe yanapondwa kwenye karasha, unga unapitishwa kwa maji juu ya mwalo, mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye karai pamoja na zebaki na kufikichwa kwa mikono. Zebaki inaikamata dhahabu na kuuacha mchanga. Donge linakamuliwa kwenye kitambaa, kisha linawekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, inakuwa mvuke na kuondoka, dhahabu inabaki. Kwa kawaida kila gramu ya dhahabu iliyopatikana hivi imepoteza gramu moja hadi mbili za zebaki, sehemu kubwa kwa mvuke huo, na sehemu ikabaki kama vitone ndani ya marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua. Ukijumlisha dunia nzima, Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2018 kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu ndio chanzo cha asilimia 38 hivi ya zebaki ambayo binadamu wanairusha hewani. Wanayapita hata makaa ya mawe.

Zebaki ni moja, lakini ina sura tatu, na kila sura ina mlango wake wa kuingilia mwilini. Ile ya majimaji, inayong'aa kwenye chupa, mtu akiimeza kwa bahati mbaya karibu yote hutoka chooni. Si kwamba nakushauri ujaribu. Mvuke wake ni habari nyingine: mtu akiuvuta, kama asilimia 80 unabaki mwilini, unaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo, na kwa mjamzito unavuka kondo la nyuma. Sura ya tatu ni zebaki-methili. Hiyo ndiyo ya samaki, nayo haitengenezwi na mchimbaji. Inatengenezwa na kinamasi.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nikae kidogo. Mvuke uliopanda Katoro hushuka baadaye pamoja na mvua na vumbi. Vitone vilivyo kwenye marudio husombwa na maji ya masika. Vyote vinaishia bondeni, kwenye matete na mafunjo, ambako maji yamesimama na tope ni jeusi lenye harufu ya yai viza. Harufu hiyo inakuambia kwamba chini hakuna hewa na kuna bakteria wanaoishi kwa kutumia salfa. Baadhi ya bakteria hao wana uwezo wa ajabu wa kuipachika zebaki kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni. Jeni mbili zinazowawezesha zilitambuliwa mwaka 2013 tu. Kipande hicho kinageuza kila kitu. Zebaki iliyokuwa imelala topeni sasa inaweza kupenya ndani ya chembe hai na kung'ang'ania protini. Inaingia kwenye mwani, mdudu anakula mwani, samaki mdogo anakula mdudu, samaki mkubwa anakula samaki wadogo elfu, na kila anayepanda ngazi anarithi deni la waliomtangulia. Samaki mla nyama anaweza kuwa nayo mara milioni moja au zaidi ya maji anamoogelea. Ndiyo maana ukipima maji ya ziwa unaweza usione cha kutisha.

Mafunjo, basi, yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Yanachuja tope lisifike ziwani, na huko kwenye mizizi yake ndiko kiwanda cha sumu kilipo. Sisi wapenzi wa ardhioevu hupenda kuitaja ile kazi ya kwanza tu.

Ungetegemea basi kwamba ziwa lililozungukwa na machimbo litakuwa na samaki wabaya kuliko lisilo na machimbo. Haiendi hivyo. Uswidi na Ufini zina maziwa kwa maelfu katikati ya misitu, maji safi, hakuna dhahabu wala mwalo karibu, na bado samaki wao mla nyama anayeitwa pike mara nyingi huvuka kiwango cha miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, na serikali zinawaonya wajawazito. Zebaki yao ililetwa na upepo kutoka viwandani na kwenye makaa ya mawe. Maji yao yana asidi, yana rangi ya chai kwa majani yaliyooza, na samaki wanakua polepole kwenye baridi, hivyo wanakusanya kwa miaka mingi. Ziwa Victoria liko kinyume karibu kwa kila kitu. Maji yake yana mwani mwingi, kwa hiyo zebaki iliyopo inagawanywa kwa vinywa vingi. Sangara anakua haraka, mwili unakimbia mbele ya sumu. Na udongo wetu mwekundu wenye chuma hushikilia zebaki nyingi kabla haijafika majini.

Haya siyo matumaini tu, yamepimwa. Miaka ya 1990 wanasayansi Ikingura na Akagi walipima samaki na nywele za watu katika eneo la dhahabu la kusini mwa ziwa, wakakuta samaki wa ziwani wako chini sana ya mipaka. Vipimo vya wengine upande wa Uganda na Kenya vilielekea hukohuko, isipokuwa sangara wakubwa sana, wa kilo kumi na kuendelea, ambao baadhi yao walikuwa juu ya miligramu 0.2 kwa kilo, kiwango cha tahadhari kwa wajawazito na watoto. Ndiyo sababu ya ushauri wangu kuhusu sangara mkubwa.

Sasa geuka uangalie Rwamagasa, jirani zako. Mwaka 2003 na 2004, katika mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, walipima tope, udongo, samaki na watu wenyewe. Samaki wa ziwani, ghuba ya Nungwe, walikuwa salama. Lakini samaki waliovuliwa kwenye vijito na mabwawa yaliyo karibu kabisa na mialo, wengi wao kambare, walivuka kile kiwango cha 0.2, na baadhi wakavuka hata 0.5. Mkoa uleule, lakini samaki mmoja anaishi kwenye maji mengi na mwingine anaishi ndani ya kiwanda. Kambare anakaa topeni, anakula kila kitu, anaishi miaka mingi kwenye dimbwi dogo. Kamongo wa mahali hapo ningemtilia shaka ileile.

Hesabu itakusaidia. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa waliweka mwaka 2003 kwamba mtu asipitishe mikrogramu 1.6 za zebaki-methili kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki, na walikitazama hasa kichanga kilicho tumboni walipoweka namba hiyo. Ukiwa na kilo 60, mgao wako ni mikrogramu 96. Tuseme sato wako ana miligramu 0.03 kwa kilo: ungehitaji kula zaidi ya kilo tatu kwa wiki kufika huko. Kambare mwenye 0.5 anakumalizia mgao kwa gramu 192, yaani kipande kimoja cha mchana. Dagaa wakavu wamepoteza maji, hivyo kila gramu yao ina zebaki zaidi kuliko dagaa wabichi, lakini nani anakula kilo ya dagaa wakavu kwa siku? Na dagaa hawaishi muda wa kutosha kukusanya kitu.

Ukiwaacha samaki kabisa utakuwa umefanya vibaya zaidi, kwa sababu mafuta yao yanajenga ubongo uleule tunaoulinda. Kliniki wamekuambia vizuri.

Kuhusu ndimu. Zebaki-methili imejifunga kwenye protini ya nyama. Haiko kwenye mafuta useme utayatoa, haiko kwenye ngozi useme utaichuna, na haiko kwenye mchuzi useme utaumwaga. Ukimkaanga au kumkausha inabaki palepale, samaki anapungua uzito na sumu haipungui. Wapo pia wanaosema unywe maziwa baada ya kazi ya mwaloni ili "kusafisha". Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, ila hayaoshi zebaki.

Sasa nirudi kwenye jiko.

Kule Rwamagasa waliwapima pia watu: mkojo, damu, nywele, mtetemo wa vidole, kumbukumbu. Kati ya wachomaji wa donge, kama robo walikutwa na dalili za sumu ya zebaki iliyokomaa. Dalili zenyewe ni mikono kutetemeka, usingizi kuruka, hasira zisizo na sababu, fizi kuuma, ladha ya chuma mdomoni. Mara nyingi familia husema "siku hizi amekuwa mkali" na kuilaumu pombe. Mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi. Niliwahi kusimama upande wa upepo na mwenzangu wakati wa kuchoma, tukaamini tuko mbali, na jioni pete yake ya dhahabu ilikuwa imepauka kama fedha. Mapafu hayapauki, kwa hiyo hujui.

Kwa hiyo, mama, kama donge linachomwa nyuma ya nyumba, kwenye jiko la mkaa ambalo kesho yake linapikiwa uji, hapo ndipo mimba yako ilipo hatarini, na si kwenye sangara. Mvuke ukipoa hutua ukutani, kwenye bati, kwenye mapazia, kwenye nywele za watoto, na siku za jua kali hupanda tena. Muombe mumeo afanye haya kuanzia leo, wala si mambo ya gharama. Asichome nyumbani, hata mara moja, hata kipande kidogo. Nguo za mwaloni zibaki mwaloni, na wewe usizifue mpaka ujifungue. Chupa ya zebaki isilale chumbani. Karai la kufikichia lisiingie jikoni kwa kazi nyingine yoyote. Wewe mwenyewe usishike donge wala usikae kwa wanunuzi wa dhahabu, kwa sababu dhahabu iliyotoka mwaloni bado ina zebaki kidogo na wao huichoma tena dukani.

Halafu aanze kutumia retoti. Ni chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba linalopitishwa kwenye maji. Mvuke unapoa ndani ya bomba na zebaki inarudi chini kama majimaji, tayari kutumika tena. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kuitengeneza kwa mabomba ya kawaida. Najua pingamizi zote, nimezisikia kwa miaka: inachelewesha, dhahabu inatoka na rangi chafu, wenzake hawaoni kinachoendelea ndani na wanahisi wanaibiwa. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko la kemia. Retoti nyingi zilizogawiwa na miradi zimeishia kuota kutu kwa sababu aliyezileta hakuuliza nani anamwamini nani mwaloni. Mumeo akiitumia, aitumie hadharani, mbele ya wenye mawe, na aihesabu zebaki iliyorudi kama pesa, maana ni pesa. Akishapata zebaki yake, asiuze marudio kwenda kwenye sayanaidi, ile kemikali ya kuyeyusha dhahabu iliyobaki, bila kutoa zebaki iliyomo. Sayanaidi huiyeyusha na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania ni mwanachama, unautaja mchanganyiko huo miongoni mwa tabia mbaya zinazopaswa kukomeshwa, pamoja na kuchoma wazi na kuchoma kwenye makazi ya watu.

Kuna milango mingine miwili ambayo jirani yako hakuitaja. Miaka ya 1990 Harada Masazumi, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambako watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki, alikuja Mwanza na wenzake kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mjini. Wachache walikuwa na zebaki ya kutisha, na kati yao walikuwamo wavuvi na watu wa mjini wasiojua mwalo. Kwa hao, kilichokutwa ni sabuni ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Sabuni na mkorogo wa namna hiyo bado vinapenya sokoni, kwa hiyo angalia unachopaka. Mlango wa pili ni pemba. Najua ujauzito unaita udongo, na Geita pemba zinauzwa kila soko. Wajawazito wa maeneo ya machimbo wamechunguzwa, na udongo wanaokula ukakutwa na madini mazito, ikiwamo zebaki na arseniki, sumu nyingine inayotoka kwenye mawe. Hiyo hamu mwambie mkunga; mara nyingi ni damu iliyopungua, na vidonge vya madini ya chuma hutolewa kliniki.

Kama unajiuliza ziwa na mabonde yatapona lini, kwa sababu biashara yako iko huko, nina majibu mawili kutoka Kanada yasiyofanana. Kwenye ziwa dogo la majaribio huko Ontario, watafiti walimwaga kwa makusudi zebaki yenye alama ya atomi inayotambulika, kuanzia mwaka 2001, kwa miaka saba, kisha wakaacha. Ndani ya miaka minane samaki wadogo walikuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 80 ya zebaki ile, na pike, wakitazamwa kama kundi zima, zaidi ya theluthi mbili. Zebaki mpya ndiyo inayoingia kwenye samaki kwa kasi. Ukiizima, samaki wanaitikia. Lakini katika Ontario hiyohiyo kuna mto English-Wabigoon, ambako kiwanda cha Dryden kilimwaga tani tisa hivi za zebaki kati ya 1962 na 1970. Bomba lilifungwa zamani, na watu wa jamii ya asili ya Grassy Narrows bado wanaishi na samaki wasioweza kuwaamini, kwa sababu tope la chini linaendelea kutoa. Rwamagasa iko wapi kati ya hayo mawili? Vijito vyenu viko karibu na Dryden kuliko ninavyopenda, na ghuba ya Nungwe bado iko karibu na lile ziwa la majaribio.

Mkitaka kupima, kila mmoja apime chake. Zebaki ya mvuke inaonekana kwenye mkojo, hivyo mumeo apimwe mkojo. Zebaki ya samaki inaonekana kwenye nywele, hivyo wewe ukate kifundo kidogo cha nywele za kisogoni, karibu na ngozi. Anzia kwa daktari wa wilaya akuelekeze, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Namba zikitoka juu, dawa ya kwanza ni kuondoka kwenye chanzo: zebaki-methili ya damuni hupungua nusu kwa kama siku 50, kwa hiyo miezi minne uliyobakiza inatosha kuleta tofauti. Na mtoto akizaliwa, mnyonyeshe.

Kuhusu kisima: kuchemsha maji hakutoi zebaki, lakini maji ya kisima mara chache ndiyo yanayoibeba kwa wingi. Mawe ya dhahabu ya Geita yanakuja na arseniki, na hiyo ndiyo ninayoihofia kisimani. Niandikie kiko hatua ngapi kutoka kwenye marudio, kiko juu au chini ya mteremko, na kina kina gani, nami nitakuambia kama kinahitaji kupimwa kabla ya masika.